Nguzo ya Mviringo Haina Mgongo

Jumatatu, 3 Machi

Jua kali. Mkono wa mto una maji ya kifundo cha mguu. Mbuzi anavuka bila kulowa tumbo.

Haya ndiyo aliyotaka Nelly: niandike maji yako wapi, yanakwenda upande gani, yamebeba nini. Yeye yuko Garsen, mimi niko hapa, na macho yangu bado yanaona. Nilimwambia, mjukuu wangu, mimi sikuenda shule hata siku moja. Akacheka. Huniita Hawe, yaani bibi. "Hawe, ulisoma. Mwalimu alikuwa mimi." Ni kweli. Alipokuwa darasa la tatu alinikalisha chini kila jioni akacheza ualimu, na nikikosea herufi ananichapa kiganja kwa ufito. Marehemu mama yake alikuwa akitucheka wote wawili. Kwa hiyo humu mkikuta makosa, mlaumuni mwalimu.

Sasa mwalimu ni injinia. Amechora daraja la miguu la kuvuka mkono huu wa mto, na anayelijenga ni mwanangu Karisa, mjomba wake. Nguzo nne za mviringo, mbao juu. Ng'ambo ndiko kuliko zahanati. Mto ukijaa tunafungiwa huku kama kuku.

Nyevu, mke wa Karisa, ana mimba ya miezi saba. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa ndani ya mtumbwi, katikati ya mafuriko. Hakulia. Sitaliandika tena jambo hilo, lakini ndilo linalojenga daraja hili.

Jumanne, 4 Machi

Jua. Maji vilevile. Barwako, jirani yangu mfugaji, kaleta maziwa. Amefunga, kwa hiyo alinitazama ninywavyo chai kama mtu aliyeibiwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nguzo ya kwanza ilimwagwa jana. Leo nilimpelekea Karisa mihogo, nikamkuta anafunga vyuma vya nguzo ya pili. Karisa akifunga waya hazungumzi, ulimi unatoka pembeni, tangu utotoni. Vyuma vingi alikuwa amevikusanya upande wa juu, upande mto unakotoka.

"Mbona umevisongamanisha hapo?"

"Mama, anayepigwa usoni huweka ngao usoni."

Nikamwambia ni vizuri. Niliona ni akili.

Jumamosi, 8 Machi

Nguzo ya pili imemwagwa. Jua.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimewaona watu wawili ninaowapenda wakitazamana kama majogoo.

Nelly alifika kwa bodaboda asubuhi, kofia ya plastiki kichwani, vumbi mpaka kwenye kope. Alikwenda moja kwa moja kwenye kizimba cha nguzo ya tatu. Kizimba ndiyo mifupa ya nguzo: vyuma vinane virefu vilivyofungwa kwa ringi, kisha konkriti humwagwa juu yake. Akakizunguka, akakizunguka tena.

"Mjomba, hivi vyuma vimesogea?"

"Havikusogea. Nimevisogeza."

"Kwa nini?"

"Mpwa wangu, wewe umezaliwa hapa. Mto unatoka wapi?"

Nelly akaonyesha kwa kidevu, upande wa Garsen.

"Basi. Wewe umechora vyuma vimezunguka kote kama watu wa ngoma. Vilivyo nyuma vinacheza tu, havina kazi. Nimevileta mbele. Sita mbele, viwili nyuma. Sijaiba hata kimoja, hesabu."

Nelly hakuhesabu. Aligeuka akazitazama zile nguzo mbili zilizokwisha kusimama.

"Na zile?"

"Zile na hii ni ndugu."

Mjukuu wangu akakaa juu ya kokoto. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, kwamba hawezi kulitia sahihi daraja hilo. Zile mbili zivunjwe, zifungwe upya.

Karisa akatupa koleo. "Mvua iko mlangoni. Nyevu tumbo liko hapa. Atavuka juu ya nini, Nelly? Juu ya sahihi?"

Uji niliowapelekea ukaganda.

Kwa kweli leo nilikuwa upande wa Karisa. Nilimwona Nelly mtoto wa vitabu, mwembamba, mwenye maswali mengi kuliko mawe aliyowahi kubeba. Lakini nilimpa kitanda changu na kuku mzima. Ubishi hauzuii mtu kula.

Jumatano, 12 Machi

Jua, mawingu membamba. Maji vilevile.

Asubuhi nilimwambia Nelly: nieleze mimi. Usiponieleza nikaelewa, nitakaa upande wa mwanangu mpaka nife.

Akachukua sufuria, akaikandamiza mchangani, ikaacha duara. Juu ya mstari wa duara akapanga punje nane za mahindi, zimeachana sawasawa. "Hii ndiyo nguzo ukiikata kama muwa ukaitazama kwa ndani. Mahindi ni vyuma."

Kisha akakunja goti. "Nguzo ikisukumwa kichwani inataka kupinda, Hawe. Upande unaosukumwa unavutwa, kama ngozi ya goti langu hapa mbele. Upande wa pili unabanwa, kama huku nyuma ya goti. Konkriti inapenda kubanwa. Ukiivuta inapasuka. Anayevumilia kuvutwa ni chuma."

Hapo nilielewa, maana magoti nayajua vizuri sana.

Akaweka ufito juu ya duara, kulikata vipande viwili. Ufito ni mpaka. Huku kunavutwa, huku kunabanwa, na penye mpaka wenyewe hakuna kitu, kumetulia. Nikamuuliza, mpaka unakaa wapi? Akasema, "Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sijui. Naanza kwa kubahatisha."

Nikamwambia basi shule yote ile umekwenda kujifunza kubahatisha. Akacheka, lakini akaendelea. Nguzo ya pembe nne ni rahisi, vyuma vya upande mmoja vimekaa mstari mmoja na vyote vinavutwa sawa. Ya mviringo ina usumbufu wake, kwa sababu kila chuma kiko mbali na mpaka kwa kadiri yake. Kilicho mbali kabisa kinavutwa sana. Kilicho karibu kinavutwa kidogo. Kingine kimeangukia upande wa pili, kinabanwa pamoja na konkriti. Na hiyo sehemu inayobanwa ni kama kipande cha tikiti ulilolikata pembeni, kila ukisogeza kisu upana wake unabadilika. Basi anapima chuma kimoja kimoja. Anajumlisha wanaovuta, anajumlisha wanaobana, pamoja na uzito wa daraja unaokalia nguzo. Vikikataa kulingana anausogeza ufito na kuanza upya.

"Kama mtu wa mzegazega," nikasema. Ndoo mbele, ndoo nyuma, unasogeza mti begani mpaka zitulie.

"Hasa, Hawe. Zikitulia ndipo nazidisha nguvu ya kila mmoja kwa umbali wake, napata nguvu ya nguzo nzima."

Kisha akazisogeza punje, sita upande mmoja na mbili upande wa pili, kama alivyofanya Karisa. Akasukuma kwa kidole kutoka upande wa zile sita. "Kutoka huku, mjomba amenishinda. Nguzo yake ina nguvu kuliko yangu." Akazunguka, akasukuma kutoka nyuma. Upande wa kuvutwa zilikuwa punje mbili tu, zimekaa kama mayatima. "Kutoka huku haifiki nusu ya inayotakiwa."

"Na yako?"

"Yangu ni ileile popote utakaposimama. Ndiyo maana nikachora mviringo. Haina mgongo."

Nikamuuliza kama kuna mtu wa kuisukuma kutoka nyuma.

Alinitazama usoni. "Hilo nakuuliza wewe. Wewe ndiye unayeishi na maji."

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikainuka nikaenda kuchochea moto, na moto wenyewe ulikuwa unawaka vizuri.

Alhamisi, 13 Machi

Nelly amerudi Garsen. Kazi imesimama. Karisa hakuja kula.

Ijumaa, 14 Machi

Sasa niandike lile jibu.

Mto ukijaa, maji yanapita katika mkono huu kwenda mbugani. Mto ukishuka, maji ya mbugani yanarudi mtoni kwa njia ileile. Kila mtu hapa anajua, ndivyo tunavyopanda mpunga. Lakini maji ya kuja tunayaogopa na maji ya kurudi tunayadharau. Tunasema maji ya kurudi ni mzee, hutembea kwa mkongojo. Karisa alikua akilisikia hilo kinywani mwangu.

Leo Barwako alikuja na kibuyu chake. Nikamuuliza, mwaka ule wa mafuriko makubwa, ng'ombe wenu waliondoka lini?

"Wewe nauliza nini? Maji kuja, sisi hama. Hata ndama moja hapana potea." Akaketi, akajifunga leso vizuri. "Maji kurudi, sisi nasema kwisha, sisi lala. Ndio maji naenda na ng'ombe kumi na moja. Bwana yangu Hirbo naliya kama bibi harusi."

"Na yalibeba nini yakirudi?"

"Mbuga yote! Mathenge na mizizi yake. Kama boma natembea." Kisha akanikazia macho. "Dama, wewe nazeeka na kalamu mkononi. Utaoza macho."

Mathenge na mizizi yake. Huo mti wa miiba umejaa mbuga nzima sasa. Nilipokuwa msichana haukuwepo. Maji ya kurudi yakiukusanya na kuulaza juu ya nguzo, ule mzee ameacha mkongojo, amebeba rungu.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Nilichota udongo wa kingo, ule mzito, nikafinyanga nguzo mbili nene kama mkono wangu. Moja nimeitia nyuzi za miyaa, ile ya kusukia mikeka, kuzunguka kote. Nyingine nyuzi nyingi upande mmoja, chache upande wa pili. Nimezianika kivulini zikauke polepole. Kuku amekanyaga moja, nimefinyanga tena na kumtukana.

Jumatatu, 17 Machi

Udongo bado. Nyevu kaja kunisaidia kutwanga, miguu imemvimba. Alizitazama nguzo zangu, akaelewa kitu, akatwanga kwa nguvu zaidi.

Jumanne, 18 Machi

Nilimwita Karisa. Alikuja akasimama nje kama mgeni.

"Ingia, mpumbavu wangu, nimekupikia sima."

Alikula kwanza. Nilimwacha ale. Kisha nikazichimbia nguzo zangu mchangani, mpaka nusu, nikamwambia asukume ile yake kutoka mbele. Akasukuma kwa kiganja. Ilikaza, haikusema kitu. Nikaona bega lake limelegea, amefurahi.

"Sasa zunguka."

"Mama."

"Zunguka, Karisa."

Akazunguka, akasukuma kutoka nyuma. Hakutumia hata nguvu za kuufunga mlango. Ilikatika chini, kwenye shina, ikalala.

Ile ya pili aliisukuma mwenyewe bila kuambiwa, kutoka mbele, kutoka nyuma, kutoka kila upande. Ilitoa ufa mwembamba, ikasimama.

Akakaa chini. "Udongo si konkriti, Mama."

"Najua. Na wewe si mto."

Nikamwambia: ulivisogeza vyuma kwa mapenzi, nami nilikuona nikakuambia ni vizuri. Tulimpenda Nyevu upande mmoja tu. Maji yakija utakuwa umesimama kingoni na panga na kamba. Yakirudi utakuwa umelala, umeshiba, unasema kumekwisha. Ng'ombe wa Barwako walikwenda hivyohivyo.

"Nikizivunja, huenda mvua ikanishinda," akasema. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Huenda akavukia mtumbwini tena."

"Huenda. Lakini mtumbwi tunaujua kwamba ni hatari, tutaukalia tukiomba Mulungu. Daraja bovu mtu hulipanda akiimba."

Aliondoka bila kuaga. Alikiokota kile kipande kilichokatika, akaenda nacho.

Jumatano, 19 Machi

Nyundo. Tangu alfajiri. Anazivunja mwenyewe, hataki kusaidiwa.

Nilimpelekea maji ya kunywa, na sikusema lolote. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa.

Jumamosi, 22 Machi

Nelly kaja. Walifunga vizimba pamoja, yeye na mjomba wake. Karisa ameweka punje za mahindi mchangani, anamuuliza: kikiwa hapa kinavutwa kiasi gani? Na hiki? "Hiki cha mpakani mbona kimestarehe hivi? Kama shemeji msibani."

"Mto ukigeuka, mjomba, huyo shemeji ndiye atakayebeba jeneza."

Wamecheka. Nimekwenda nyuma ya nyumba nikajifuta uso kwa leso. Moshi.

Jumatano, 26 Machi

Nguzo zote nne zimemwagwa. Karisa amezivika magunia, anazimwagilia asubuhi na jioni kama miche ya nyanya. Mawingu upande wa bara.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Barwako kaleta nyama na mahamri, akanilisha kwa mkono wake, akasema nimekonda kwa kuandika. Jioni tone la mvua, moja, likaacha.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua siku nzima. Maji yako magotini.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Mapajani. Yanakwenda mbugani, yamebeba majani tu.

Jumatano, 16 Aprili

Mbao za mwisho zimepigiliwa huku maji yakipita chini. Nelly ametia sahihi yake, ameinamia karatasi hapo darajani, mvua inamnyeshea Karisa aliyemshikia mwavuli. Wa kwanza kuvuka alikuwa mbuzi wa Barwako. Hakuulizwa na mtu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mto umejaa kutoka juu. Kiunoni, kifuani, kisha sikuweza kupima tena. Gogo la mwembe liligonga nguzo ya pili kutoka mbele, likazunguka, likaenda zake. Karisa alikuwa hapo na kamba, kama nilivyosema.

Jumanne, 29 Aprili

Nyevu amevuka kwa miguu yake, mkono kiunoni, na mimi nyuma yake na kikapu. Katikati alisimama akatazama maji. Nilijua anatazama nini. Nikamwambia tembea, mwanangu. Akatembea.

Ijumaa, 2 Mei

Mtoto wa kike. Alilia, wauguzi wamesema hata kwenye lango alisikika.

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Sasa tuko Dama wawili. Mmoja hana jino hata moja, na mwingine yuko njiani kumfikia.

Nyevu atakaa kwa dada yake huko ng'ambo mpaka apate nguvu. Mimi nimerudi. Kuku hawajilishi.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua imekatika. Maji yamesimama. Hayaendi, hayarudi. Kijiji chote kinasema kumekwisha.

Jumatatu, 12 Mei

Yamegeuka.

Jumanne, 13 Mei

Karisa alivuka asubuhi na mapema kumchukua mkewe na mtoto. Maji yalikuwa yanarudi taratibu, mzee na mkongojo wake.

Jua lilipokuwa juu nikasikia mkwaruzo. Nikatoka. Mathenge yalikuwa yanakuja kutoka mbugani, si mti mmoja, ni msitu umeshikana miiba kwa miiba, na katikati yake gogo la mkuyu. Vikaja polepole vikalala juu ya nguzo mbili za kati. Kutoka nyuma. Maji yakaanza kupanda juu ya ule uchafu na kunguruma.

Nikainua macho nikamwona Karisa ng'ambo, amembeba mtoto kifuani, Nyevu pembeni yake. Walikuwa wamefika kwenye mbao. Wakasimama.

Nikampigia Nelly. Hakusalimia, aliisikia sauti ya maji.

"Hawe, uchafu umepanda mpaka wapi kwenye nguzo?"

Karisa alikuwa amechora mistari myeupe kwenye kila nguzo, Nelly ndiye aliyetaka. Nikatazama. Macho yangu, asante Mulungu. "Mstari wa tatu. Haujafika wa nne."

"Umeenea upana gani?"

"Kama nyumba yangu, na jiko."

Akanyamaza. Nilijua anafanya nini. Anasogeza ufito. Anawauliza mmoja mmoja: wewe unavutwa kiasi gani, na wewe, na wewe. Sijawahi kuomba dua ndefu kama kimya kile.

"Nilihesabu mpaka mstari wa tano, na nyumba mbili," akasema. "Na ni ileile kutoka nyuma. Wavuke, Hawe. Taratibu, wasisimame."

Nikampungia Karisa leso, mikono miwili juu. Alikuwa mbali, lakini nilimwona akigeuka kumtazama Nyevu. Kisha akakanyaga mbao.

Walitembea. Mathenge yalikuwa yanakwaruza chini yao. Kwenye nguzo ya pili, ile aliyoivunja na kuijenga upya, Karisa hakusimama, lakini alitelemsha mkono mmoja akagusa ukingo, kama mtu anayemshika bega mwenzake akipita.

Walipofika alinikabidhi mtoto, akakaa kwenye tope.

"Mama," akasema, "mwambie injinia sahihi yake ni ngumu. Tumeikanyaga watatu."

Simu ilikuwa bado sikioni, Nelly aliyasikia mwenyewe. Alivuta kamasi, kisha akaniuliza kama anavyoniuliza kila siku: maji yanakwenda upande gani, na yamebeba nini.

Nikamwambia yanarudi. Yameleta mathenge, gogo la mkuyu, na mtoto mmoja wa kike, amelala.